Propela ya Kukunja Katika Mkondo wa Mtwapa

Boti ya matanga ikipandishwa pwani kupakwa rangi, mwenyewe haachi kuinama kwenye tezi, kuitazama propela na kuuliza swali lilelile: je, ninunue ile ya kukunja? Anayemjibu mara nyingi amesoma kijitabu cha mtengenezaji wa Denmark au Italia, nchi ambako boti hutolewa majini msimu wa baridi ukiingia, zikalala ghalani miezi kadhaa. Boti ya hori la Mtwapa, pale Shanzu inapotazamana na Kaunti ya Kilifi ng'ambo ya maji, haijui ghala. Inakaa majini mwaka mzima, katika maji ya uvuguvugu, jirani na mikoko, na mkondo unaipita mara nne kwa siku. Jibu la Denmark si la uongo, ila lazima lipimwe upya kwa maji ya hapa kwetu.

Basi tuanze na maji yenyewe. Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu. Bamvua ikifika, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti hiyo hupita mita 3. Maji yote yanayolijaza hori na kuifunika mizizi ya mikoko hadi mbali bara hayana pa kupita ila mlango uliokatika kwenye mwamba wa nje, na yana muda wa saa 6 tu kuingia, kisha saa 6 nyingine kutoka. Ikiwa bamvua hupitisha maji mara tatu ya yale ya maji mafu kwa muda uleule, na mlango ni uleule, basi ni mwendo wa maji ndio lazima uongezeke.

Wavuvi wa Shanzu hawahitaji kuambiwa habari ya saa, lakini wenye boti za starehe wengi huwa hawajaitia akilini. Pwani yetu bamvua ina ratiba yake. Maji hujaa kabisa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ndiyo sababu asubuhi za bamvua utawaona watu mwambani wakitafuta pweza kwa miguu. Sasa gawanya muda huo katikati. Maji yanayotoka huwa na nguvu kuliko wakati wote mnamo saa 1 asubuhi, yanayoingia mnamo saa 7 mchana, na yanayotoka tena mnamo saa 1 jioni, japo ndani ya hori huweza kuchelewa kidogo. Anayetoka asubuhi na mapema husukumwa nje bila kuchoma dizeli. Anayerudi mchana huletwa nyumbani na maji. Lakini aliyechelewa, kwa sababu samaki walikuwa wanakula au upepo ulimkatikia, hufika mlangoni giza likiingia, na maji yanamjia usoni kwa nguvu zake zote.

Propela ya boti ya Mtwapa inunuliwe kwa ajili ya mtu huyo, kwa saa hiyo.

Tuweke tarakimu. Chukulia mkondo wa noti 3, noti moja ikiwa ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Boti ya mita 10 yenye injini ndogo inakwenda noti 5 ndani ya maji. Ukiipima kwa minazi ya ufukweni inasonga noti 2, kwa hivyo maili moja itaimaliza kwa nusu saa. Ipunguzie nusu noti. Kwenye bahari wazi hasara hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mwendo, hakuna atakayekosa chakula cha jioni kwa sababu yake. Hapa mlangoni boti imebakiwa na noti 1.5, na maili ileile inachukua dakika 40. Ipunguzie noti nzima, na maili moja imekuwa saa nzima, gizani, miamba ikiwa kulia na kushoto. Upepo wa kusi ukiwa unavuma kutoka baharini na maji yanatoka, mawimbi ya mlangoni husimama mafupi na makali, na saa nzima ndani yake ni ndefu mno.

Nusu noti hiyo hupotea kwa njia mbili, na hapo ndipo mazungumzo mengi ya propela yanapochanganyika. Njia ya kwanza ni boti kwenda kwa tanga huku propela iliyosimama ikiburuta maji. Njia ya pili ni boti kwenda kwa injini huku propela haisukumi inavyopasa. Propela ya kukunja ni dawa ya ugonjwa wa kwanza. Mkondo wa saa 1 jioni unauliza habari ya ule wa pili.

Mburuto wa propela si hadithi. Propela ya kawaida ya boti za kadiri hii ina mabawa matatu na upana wa inchi 16 hivi. Mabawa yote kwa pamoja yana eneo la kama sehemu moja ya 15 ya mita ya mraba. Ikizuiwa isizunguke na boti ikaenda kwa tanga noti 5, hesabu ya kawaida ya uhandisi inatoa nguvu ya kurudisha nyuma ya kilo 20 na ushei. Nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hivyo kwenye noti 6 imekaribia kilo 30. Siku ya matlai hafifu, upepo unapotikisa tanga tu, mzigo huo ndio tofauti kati ya boti inayotembea na boti inayoelea.

Kuna ubishi wa miaka mingi kama ni bora kuifunga propela isizunguke au kuiachia. MacKenzie na Forrester wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, waliipima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008: iliyofungwa huburuta zaidi ya iliyoachiwa. Ubishi umekwisha upande wa maji, haujaisha upande wa mashine, kwa sababu propela inayozunguka bila injini inakula beringi na sili, na ziko giaboksi ambazo hazipati mafuta injini ikiwa imezimwa. Kitabu cha giaboksi yako ndicho chenye neno la mwisho, si rafiki yako wa gatini.

Shida hii ni kongwe kama propela yenyewe. Wanamaji wa Uingereza walipoanza kuchanganya matanga na mvuke, walijenga meli ambazo propela yake iliweza kunyanyuliwa juu kutoka majini. HMS Warrior, iliyoshushwa majini Desemba 1860, ilikuwa na propela ya uzito wa tani kadhaa, na kuipandisha kulihitaji mamia ya mabaharia kuvuta kamba kwa pamoja. Mwenye boti ya Shanzu hana mamia ya mabaharia, ana kijana mmoja na mpwa wake, kwa hivyo itabidi propela ijikunje yenyewe.

Na inajikunja namna gani? Ziko aina mbili, na watu huzitia kapu moja kimakosa. Ya kwanza ni ya kukunja hasa: mabawa yamefungwa kwa bawaba kwenye kitovu, na injini ikizimwa huku boti inasonga, maji huyasukuma nyuma yakafumba kama chaza. Injini ikiwashwa na gia ikatiwa, mzunguko huyatupa nje yakafunguka. Gori na Flexofold, zote za Denmark, ni majina yanayojulikana katika aina hii. Ya pili haikunji chochote. Kila bawa hugeuka kwenye mhimili wake hadi ukingo mwembamba uyakabili maji, na yaliyobaki ya kuburuta ni kidogo. Max-Prop ya Italia na Kiwiprop ya New Zealand ni za namna hii. Nitaiita ya kugeuza.

Ya kukunja huburuta kidogo kuliko zote. Ya kugeuza huburuta zaidi yake kwa kiasi ambacho mtu wa mashindano atakiona na mtu wa kawaida hatakiona. Zote mbili ziko mbali sana chini ya mabawa matatu yaliyosimama. Kwa hivyo anayechagua kati ya hizi mbili kwa kuangalia mwendo wa tanga peke yake anapoteza wakati. Tofauti yao kubwa iko kwenye rivasi.

Propela ya kukunja inaposukuma mbele, msukumo wenyewe unasaidia kuyaweka mabawa wazi. Ukitia rivasi, mambo yanageuka: msukumo sasa unayavuta mabawa yafumbe, na kinachoyazuia yasifumbe ni mzunguko tu, ile nguvu ya kuyatupa nje. Ukitia rivasi kwa woga, injini ikinong'ona, mabawa hufunguka nusu, maji yanakorogeka nyuma na boti haisimami. Anayetumia propela hii hujifunza kuitia rivasi kwa mkono mzito tangu mwanzo, mizunguko 1,500 ya injini kwa dakika au karibu yake, angoje boti ianze kuitika, kisha ndipo apunguze. Mabawa ya kisasa, yenye uzito zaidi kwenye ncha, yameirekebisha tabia hii kwa kiasi kikubwa, lakini sheria ya maumbile haijafutwa. Propela ya kugeuza haina tatizo hili. Ukitia rivasi, bawa hugeuka mpaka ukingo uleule uliokuwa ukikata maji mbele ndio unaokata maji nyuma, na boti husimama sawasawa. Katika jambo hili inaishinda hata propela ya kawaida isiyokunjika, ambayo ikienda kinyume hukata maji kwa ukingo wa nyuma.

Mtu akisikia hayo atasema: basi mkondo mkali, rivasi kali, nichukue ya kugeuza. Polepole. Baharia anayeijua kazi yake hakaribii boya au gati akiwa amepewa mgongo na mkondo. Anaigeuza boti iukabili, kwa sababu hapo usukani unapata maji ya kuushika hata kama boti imesimama kabisa ukilinganisha na ufukwe, na mkondo wenyewe ndio unakuwa breki. Tazama feri ya Likoni siku ya bamvua: haielekezwi ng'ambo moja kwa moja, huegemea upande maji yanakotoka. Anayeingia Mtwapa maji yakitoka tayari ameukabili mkondo, na anachohitaji ni msukumo wa mbele uliokaza, si rivasi. Anayeingia maji yakijaa, saa 7 mchana, ndiye anayesukumwa kutoka nyuma, na akiwa na nafasi atageuka kwanza. Rivasi inakuwa jambo la kufa na kupona pale tu nafasi ya kugeuka inapokosekana, katikati ya boti zilizofungwa maboyani karibukaribu. Kwa hivyo kabla ya kuchagua propela, kaa gatini siku moja ya bamvua utazame boya lako mwenyewe na upana wa maji yaliyolizunguka.

Upande wa kusukuma mbele, propela ya kukunja ya kisasa ina jambo lake zuri. Bawa lake limepindwa kama bawa la propela halisi, lenye mpindo tofauti kutoka shinani hadi ncha. Bawa la kugeuza, kwa kuwa lazima lilale sambamba na maji, mara nyingi limetengenezwa bapa, na bapa halisukumi kwa ufanisi uleule. Tofauti si kubwa. Lakini tumeshaona mkondo unavyozikuza tofauti ndogo.

Idadi ya mabawa nayo ina maana. Mabawa mawili huburuta kidogo kuliko matatu, bei yake ni nafuu, na kwa boti nyepesi ya mita 8 yanatosha. Boti nzito yenye injini ya farasi 30 na zaidi ikipewa mabawa mawili itatetemeka, na mlangoni, kwenye mawimbi mafupi, itapoteza mshiko kila tezi inapoinuka. Hapo chukua matatu. Gori ya mabawa matatu ina ujanja wa ziada: ukitoka kwenye rivasi kwenda mbele kwa namna fulani, mabawa hukaa upande wa pili, hatua ya propela ikawa kubwa, na boti ikaenda mwendo uleule injini ikizunguka polepole zaidi. Ni kitu kizuri kwa safari ya kutwa ya bahari shwari. Mlangoni kwenye mkondo usikitumie, kwa sababu injini italemewa.

Nimetaja hatua. Ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika na giaboksi ikigawa kwa mbili, shafti inazunguka 1,000; hatua ya inchi 12 inatoa kama mita 305 kwa dakika, ambayo ni noti 10 kasorobo hivi. Boti yenyewe itakwenda 5 au 6, kilichobaki kimeteleza. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni kununua propela iliyotumika, ya bei ya kutupa, kutoka boti nyingine yenye giaboksi ya mgawanyo mwingine, na kudhani kwamba kwa kuwa imeingia kwenye shafti basi imefaa. Hatua ikizidi, injini haifikii mizunguko yake kamili na hutoa moshi mweusi. Ikipungua, injini inapiga kelele na boti haiendi. Mtengenezaji atakuuliza modeli ya injini, mgawanyo wa gia, urefu wa boti kwenye mstari wa maji na uzito wake. Mpe majibu ya kweli, na uzito uutaje pamoja na nanga zote tatu, matangi na vyuma vya mpwa.

Pima na nafasi. Propela ya kukunja ikifumba huwa ndefu kwenda nyuma, kwa hivyo lazima isiguse usukani. Kati ya ncha ya bawa na tumbo la boti pawe na angalau sehemu moja ya kumi ya upana wa propela. Boti za zamani zenye mkuku mrefu, propela ikiwa ndani ya tundu lililokatwa mbele ya usukani, mara nyingi hazina nafasi ya kufumbia. Hizo ni za propela ya kugeuza, na mjadala umekwisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijitabu vya Denmark hulipitia kwa sentensi moja, nalo kwa Shanzu ndilo jambo lenyewe.

Propela ya kukunja ni mashine iliyo chini ya maji. Nzuri kati yake zina meno ndani ya kitovu: shina la kila bawa limechongwa meno yanayokamatana na ya mwenzake, ili mabawa yafunguke na kufumba kwa pamoja. Zile rahisi zisizo na meno zina kasoro yake. Boti ikienda polepole kwa tanga, bawa la chini huning'inia wazi kwa uzito wake huku la juu limefumba, ukawa umenunua propela ya kukunja inayoburuta bawa moja. Mwenye propela hiyo hutia alama ya rangi kwenye shafti, ndani ya boti, anaisogeza kwa mkono mpaka pini ya bawaba isimame wima, na hapo mabawa hulala ubavu kwa ubavu. Inafanya kazi. Ila nani atashuka kwenye chumba cha injini kila tanga linapopandishwa?

Katikati ya meno hayo kuna nafasi isiyozidi unene wa ukucha. Iache boti boyani wiki sita bila kuitumia, halafu piga mbizi uitazame. Kwanza utaona utando wa kijani. Uukwaruze, na chini yake utakuta mirija myeupe ya chokaa, migumu, iliyojipinda kuzunguka pini, na vijikombe vyenye ncha kali vilivyoganda pale hasa ambapo bawa hukutana na kitovu. Lijaribu bawa kwa mkono. Litafunguka nusu na kukwama, na utasikia chokaa ikisagika ndani. Propela isiyokunjika ikiota uchafu huo hupoteza nguvu. Ya kukunja haifunguki kabisa, au bawa moja linafunguka na la pili linakataa, na mtetemo wake unaweza kung'oa beringi ya shafti kabla hujafika mlangoni.

Uchafu huu huota upesi Mtwapa kuliko katika maji baridi, na si kwa sababu ya joto peke yake. Hori limekuwa likipokea majitaka kwa miaka mingi, na maji yenye rutuba hulisha kila kinachoganda. Gereza la Shimo la Tewa, lililo kando ya maji haya, lilijengewa bwawa la mimea la kuchuja majitaka chini ya mradi wa WIO-LaB ulioongozwa na UNEP. Lilikuwa jambo la kupongezwa, lakini bwawa moja halitoshi kwa mji uliokua kama Mtwapa ulivyokua.

Rangi ya kuzuia uchafu haikai vizuri kwenye mabawa yanayozunguka. Mababu walipaka majahazi yao deheni, chokaa iliyokandwa kwa mafuta, wakairudia kila baada ya muda, na siri yao ilikuwa hapo kwenye kurudia. Kinachosaidia propela ni kutumika. Washa injini kila wiki, tia gia mbele na nyuma mara kadhaa ukiwa umefungwa imara boyani, na meno yatajisafisha yenyewe kwa kiasi. Kinachobaki kiondolewe kwa mkono.

Na hapa bamvua, iliyotutesa mlangoni, inalipa deni. Boti yenye kina cha mita 1.6 inaweza kuegeshwa kwenye mchanga mgumu kando ya ukuta au nguzo maji yakiwa yamejaa, ikafungwa vizuri, ikaachwa ipwelee. Kwa tofauti ya mita 3 na zaidi, propela, ambayo huwa juu ya mkuku, itakuwa hewani kwa muda wa saa 5 hivi, na kwa kuwa maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, muda huo wote ni mchana. Hulipi kreni wala gari la kuvutia. Unahitaji kisu butu, brashi ya waya laini, grisi na spana ya zinki. Mafundi wa mashua wamefanya hivi tangu zamani, na sielewi kwa nini wenye boti za plastiki huona haya kufanya hivyo.

Zinki usiisahau. Propela nyingi za aina hii ni za bronzi, zimeshikwa na pini na skrubu za chuma cha pua, na metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ya joto huanza kulana. Kipande kidogo cha zinki kwenye kitovu huliwa badala yake. Kikibaki nusu, kibadilishe. Ukiona bawa limeanza kuwa na madoa ya rangi ya waridi, hiyo ni dalili kwamba zinki iliyo ndani ya metali yenyewe imeanza kutoka, na bawa hilo litavunjika siku moja ukitia rivasi kwa nguvu.

Propela ya kugeuza nayo kwa kawaida ina meno ndani, lakini yamefunikwa kitovuni na kujazwa grisi, kwa hivyo uchafu hauyafikii kwa urahisi. Inataka grisi angalau mara moja kwa mwaka. Mabawa yake yataota vijikombe kama kawaida, lakini yataendelea kugeuka.

Faida moja ya kukunja imesahauliwa, na kwetu ni kubwa. Kati ya hori na mwamba kuna nyavu, mishipi, kamba za madema na mifuko ya nailoni ambayo sheria ya Agosti 2017 ya kuipiga marufuku haikuimaliza yote. Propela iliyofumba huiachia kamba ipite. Mabawa matatu yaliyosimama huikamata, na mwenye wavu anapoteza kazi yake ya wiki. Maji ya nje ya mlango huu yamo katika eneo la hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa 1986, wavuvi wanaoruhusiwa humo hawana nyavu za ziada, na kukata wavu wa mtu kwa starehe yako si jambo dogo.

Uamuzi wangu, kwa boti iliyofungwa Shanzu, ni huu. Kama boti inatoka kila wiki na mwenyewe yuko tayari kuipweleza kila bamvua ya pili, achukue ya kukunja yenye meno, mabawa matatu ikiwa boti ni nzito, asiguse zile zisizo na meno hata akipewa bure. Kama boti inabeba wageni, inaingia gatini katikati ya boti nyingine na maji yoyote yale, au propela yake imo ndani ya tundu la mkuku, achukue ya kugeuza na kuitia grisi kwa wakati. Na kama boti inakaa boyani miezi mitatu ikimsubiri mwenyewe arudi kutoka Nairobi au Ulaya, abaki na mabawa yake matatu yasiyokunjika, anunue zinki na jedwali la maji la mwaka huu, na pesa zilizobaki azipeleke kwa fundi wa matanga.

Hata hivyo, propela yoyote atakayochagua, siku za bamvua ajitahidi kuwa ndani ya mlango kabla ya saa 11 jioni.